Wafuasi Utanunua, Wateja Je?

Wasee, leo acha niwape historia kidogo. Si ile ya mtihani, hii inahusu mfuko wako.

Nilipoacha chuo nilikuwa nimebaki na pesa ya kodi ya mwezi mmoja tu. Nusu nikaenda nayo Gikomba kuchagua viatu vya mitumba. Nusu nyingine nikanunua wafuasi 5,000 wa Instagram. Nikaamka staa! Nikaposti raba kali, nikaandika "bei inboksi", nikangoja. Wiki nzima hakuna aliyeuliza hata saizi. Watu 5,000, na kimya kama makaburini.

Kumbe ujinga wangu una historia. Instagram ilianza Oktoba 2010, na wauzaji wa wafuasi feki hawakukawia kuingia. Desemba 2014 kampuni ikaamua kufagia akaunti feki. Justin Bieber akapoteza wafuasi zaidi ya milioni 3 kwa mpigo. Akaunti ya Instagram yenyewe ikapoteza karibu milioni 19. Januari 2018, Facebook nayo ikatangaza kwamba itatanguliza posti za marafiki na familia na zile zinazofanya watu waongee, na kurasa za biashara zitaonekana kidogo. Ukizoea kupiga kelele bila kumjibu mtu, hapo ndipo uliachwa.

Kwetu Kenya kuna jambo lingine. M-Pesa ilikuja Machi 2007, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa 2009. Ndiyo maana leo mtu wa Kisumu anaweza kuniona kwa simu, anilipe, nimtumie kiatu na basi. Lakini hebu fikiria: anatuma pesa kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Atajuaje mimi si mwizi? Anasoma komenti. Anaangalia kama kuna mtu aliyeuliza akajibiwa.

Mama mboga alijua hii kitu kabla ya intaneti. Anakujua jina, anakuuliza hali ya mtoto, anakuongezea dhania. Kesho utampita nani?

Basi nikaanza upya. Nikaandika bei wazi. Kila swali nikajibu, hata la mtu asiyenunua. Siku moja dem mmoja akaandika hadharani kwamba kiatu nilichomuuzia kimeachia soli. Kidole kilikuwa tayari kufuta. Nikajizuia. Nikamwomba msamaha palepale, nikambadilishia kiatu, naye akarudi kuandika kwamba amekipata. Wateja wangu watatu waliofuata waliniambia walinunua kwa sababu ya hiyo komenti.

Wale 5,000 wamekuwa wakiyeyuka kidogo kidogo, na siwalilii. Wanaonijua ni wachache, lakini wananunua, na kodi inalipwa.

Wewe unauza nini? Andika hapo chini, na uweke bei. Nikikuuliza saizi, nijibu!