Fizi, Limau na Uvivu wa Mabaharia: Tiba ya Kiseyeye na Ubongo Uliosahauliwa

Historia ya kiseyeye huandikwa kama historia ya fizi: fizi zilivimba na kutoka damu, meno yakalegea, kisha limau likaponya. Simulizi hiyo imeuacha nje ubongo, ilhali ushahidi umo katika maandishi yaleyale yanayorejelewa mara kwa mara.

Mei 1747, James Lind, tabibu wa meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa katika jozi sita. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kwa kila mtu kila siku. Nyingine zilipewa siki, maji ya bahari na dawa nyinginezo. Matunda yalikwisha baada ya siku sita. Wanahistoria wengi huishia kwenye ushindi wa limau. Hata hivyo, Lind aeleza jambo lenye uzito zaidi: baharia mmoja wa jozi ile alikuwa amekwisha kufaa kwa kazi ingawa fizi zake hazijapona, na mwenzake alipewa jukumu la kuwauguza wengine. Nguvu zilitangulia, fizi zikafuata.

Mfuatano huo una maana kubwa kwa sababu ya namna mabaharia walivyohukumiwa. Katika karne ya 18 uvivu ulihesabiwa miongoni mwa visababishi vya kiseyeye. Lakini Lind mwenyewe aliuweka uzito wa kutenda kazi kati ya dalili za mwanzo, kabla ya fizi kuguswa, na Richard Walter, kasisi wa msafara wa Anson, katika kitabu cha 1748, alitaja unyong'onyevu wa ajabu wa moyo. Dalili iligeuzwa kuwa kosa. Aliyelaumiwa kwa uvivu huenda alikuwa mgonjwa tayari.

Maelezo ya kikemia yalichelewa. Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi alitangaza kuitenga asidi iliyokuja kutambuliwa kuwa vitamini C, na mwaka 1937 akapata Tuzo ya Nobel. Vitamini hiyo ni antioksidanti, yaani huzuia madhara ya oksijeni tendaji mwilini. Lakini sifa hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Katika fizi huwezesha vimeng'enya vinavyoimarisha kolajeni. Katika ubongo husaidia kugeuza dopamini kuwa noradrenalini. Katika miaka ya 1960, wafungwa wa Iowa, Marekani, walinyimwa vitamini C kwa ajili ya utafiti (hiari ya mfungwa ni suala linalostahili mjadala wake), na vipimo vya nafsi vilionyesha huzuni na hofu ya maradhi zikiongezeka.

Pingamizi moja lina nguvu. Ubongo hushikilia vitamini C hata akiba ya mwili inapopungua. Hivyo uchovu wa mabaharia ungeweza pia kutoka kwenye misuli au upungufu wa damu. Vilevile, ugonjwa wa fizi unaotibiwa leo kwa kawaida hutokana na utando wa bakteria juu ya meno. Baharia wa Lind alipungukiwa na kitu, naye akarudishiwa. Mgonjwa wa leo mwenye vitamini C ya kutosha hana pengo hilo la kujazwa.