Kiangazi Siyo Miezi ya Kukaa Bure

Nafanya kazi na vijana hapa kambini. Wengi wao walitoka Bujumbura mwaka 2015 wakiwa bado wadogo. Kiangazi kikiingia wananiambia: hii ni miezi ya kukaa tu na kungojea mgao. Ndiyo maana nimeandika historia hii.

Kwa Kirundi kiangazi kinaitwa ici. Kwa kawaida kinaanza mwezi wa 6 mpaka mwezi wa 9. Bujumbura iko chini, kandokando ya ziwa Tanganyika, kwa hiyo joto lake linazidi la milimani, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Lakini jua hilohilo lilikuwa ghala letu. Ndagala walivuliwa usiku kwa taa, asubuhi wakaanikwa, wakikauka wanapandishwa milimani kuuzwa. Mvua ikiwakuta wanaoza. Muhogo vilevile: unauloweka, unauanika, unausaga, unapata bugali hata shamba likiwa kavu. Na kule mabondeni, penye unyevu, watu wanapanda maharage na viazi katikati ya ici. Watu wa kilimo Burundi wanauita msimu C, yaani msimu wa tatu wa mwaka.

Sasa njaa ilitoka wapi? Siyo kwa jua peke yake. Wazee wanaikumbuka njaa ya mwaka 1943 na 1944, iliyoitwa Manori. Mvua zilikosekana, na wakati uleule Wabelgiji walikuwa wanadai mazao na nguvu za watu kwa ajili ya vita. Miaka ya nyuma walishalazimisha watu kulima muhogo uwe akiba. Akiba ni kitu kizuri. Lakini mtu akichukuliwa kufanya kazi ya lazima, shamba lake atalilima saa ngapi?

Kwa hiyo ninyi ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kutufundisha namna ya kuishi na ukame, kaeni kwanza na wamama waliokuwa wanaanika ndagala. Wanajua mengi. Na sisi vijana tuwaulize wazee wetu wangali hai. Jua tunalo hapa, tena la kutosha. Tunachokosa ni kipande cha ardhi karibu na maji, na ruhusa ya kuuza tulichokausha.