Kisogoni kuna nini? Historia fupi ya maumivu na ubongo mdogo

Wadau, wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukiumwa jino usiku wa manane, mwenzako atakupa pole mpaka kukuche, lakini maumivu yanabaki kuwa yako peke yako. Sasa hayo maumivu yanapikwa wapi ndani ya kichwa?

Pitisha mkono kisogoni, juu kidogo ya shingo. Humo ndani kuna serebelamu, neno la Kilatini lenye maana ya ubongo mdogo. Udogo wenyewe ni wa jina tu. Uzito wake ni kama asilimia 10 ya ubongo wote, lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kwamba kati ya seli za neva kama bilioni 86 tulizonazo kichwani, karibu bilioni 69 zimo humo. Jeshi lote hilo linafanya kazi gani?

Mwaka 1664 Thomas Willis, daktari wa Oxford, alidai kwamba ubongo mdogo unasimamia mambo yanayojiendea yenyewe, kama mapigo ya moyo. Haikuwa hivyo. Mwaka 1809 Luigi Rolando wa Italia, na mwaka 1824 Pierre Flourens wa Ufaransa, waliuondoa kwenye vichwa vya wanyama. Njiwa wa Flourens waliyumba kama walevi. Hukumu ikatoka: kazi yake ni kuratibu mwendo.

Vita Kuu ya Kwanza ikaipigilia msumari hukumu hiyo. Daktari Gordon Holmes aliwachunguza huko Ufaransa askari wa Uingereza waliojeruhiwa kisogoni, akachapisha ripoti yake mwaka 1917. Walipepesuka, mikono yao ikakosa shabaha, lakini uwezo wa kuhisi haukupotea. Basi, habari ya maumivu na ubongo mdogo ikapewa kisogo.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1944. Wamarekani Ray Snider na Averill Stowell walionyesha kwamba mguso, sauti na mwanga vinafika kwenye ubongo mdogo wa paka. Miaka ya 1990 zikaja mashine za kupiga picha ubongo ukiwa kazini. Kila mtu alipochomwa na joto ndani ya mashine, mara nyingi kisogoni nako kuliwaka.

Mwaka 1999 watafiti wa Oxford wakaenda mbali zaidi. Waliwaonyesha watu taa za rangi, rangi moja ikimaanisha joto kali linakuja. Sehemu moja ya ubongo mdogo iliitikia maumivu yenyewe, na nyingine iliitikia kuyasubiri tu. Kama umewahi kukunja uso kabla sindano haijakugusa, unaelewa nasema nini.

Kisha mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani waliwapima watu waliopata kiharusi kwenye ubongo mdogo. Joto liliwauma kuliko wenzao wazima. Hata nafuu inayoletwa na imani kwamba umepewa dawa ilikuwa hafifu kwao.

Hapa ndipo utamu wa historia hii ulipo. Swali la zama za Holmes lilikuwa: mgonjwa anahisi au hahisi? Jibu lilikuwa sahihi, anahisi. Swali lililochelewa ni: anahisi kwa kiasi gani? Inaelekea ubongo mdogo hauzalishi maumivu, bali unasaidia kuyapimia, kama fundi wa redio anayeshika kitufe cha sauti. Wataalamu bado wanabishana ni kwa njia gani hasa.

Ubishi huo si wa maabara peke yake. Majumbani mwetu wapo waliopona kiharusi, wanatembea, wanaongea, lakini wakilalamika maumivu wanaambiwa wanadeka. Wanasayansi walitumia zaidi ya karne moja kuamini kwamba kisogo hakihusiki, kwa sababu hawakuwa na kifaa cha kuona. Sasa mimi na wewe, tusio na kifaa chochote, tunapata wapi ujasiri wa kumwambia mtu kwamba haumwi?

Tafakarini.