Ng'ombe, Dhahabu na Cheo cha Baba

Husemwa mara nyingi, na wazee na wasomi pia, kwamba harakati za haki za wanawake ndizo zilizozidisha talaka na kumshusha baba cheo chake. Lawama hii haifai kupuuzwa, kwa maana mwenye kuumia ndiye aliaye. Wala haifai kukubaliwa kabla ya kupimwa katika mizani ya historia. Mahali pema pa kuipima ni Shinyanga na Geita, ambako ubaba ulihesabiwa kwa ng'ombe kabla ya kuhesabiwa kwa fedha.

Katika mila ya Wasukuma, ambayo Hans Cory aliieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, ng'ombe wa mahari hawakuwa bei ya mke. Walikuwa ushahidi wa ubaba. Watoto wa mume aliyetoa mahari walikuwa wake. Wa asiyetoa walihesabiwa kwa ukoo wa mama, mpaka awakomboe kwa ng'ombe. Talaka haikuwa jambo geni. Ndoa ilipovunjika mahari ilirudishwa, na kwa ajili ya watoto waliozaliwa hesabu yake ilipunguzwa. Basi hata zamani mke aliweza kuondoka. Ila hakuweza kuondoka na watoto waliotolewa mahari. Nguvu ya baba ilitoka zizini, na zizi lilikuwa jambo la ukoo. Kwa hiyo ndugu wa pande zote mbili walikuwa na sababu ya kupatanisha.

Migodi ililegeza fundo hilo. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Kijana akapata mshahara usiopita katika zizi la baba yake. Kisha, tangu miaka ya 1980, wachimbaji wadogo walimiminika Nyarugusu, Rwamgasa na Bulyanhulu. Maisha ya maduara ni maisha ya kuhama: dhahabu ikionekana watu hukusanyika, ikitoweka hutawanyika. Mwaka 1996 wachimbaji wa Bulyanhulu waliondolewa kupisha mgodi mkubwa. Katika makazi ya namna hiyo mwanamume na mwanamke huweza kuishi pamoja bila mahari wala mshenga, na siku ya kuachana hapana mzee wa kuwaita barazani. Aliyemwondoa baba huyu nyumbani si mwanamke mwenye kudai haki. Ni riziki isiyo na makao.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuifanya talaka iwe nyepesi. Iliiweka mikononi mwa mahakama, ikataka shauri lipelekwe kwanza katika baraza la usuluhishi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kumpa mtu jasho lake si kumdhulumu mwingine.

Hata hivyo wakosoaji wana neno moja la haki. Sheria ile ilimtaja baba kwanza kama mtoaji wa matunzo, na ikadhani kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 hufaa kukaa na mama. Harakati nazo zilidai matunzo kwa nguvu, na zilikuwa na sababu, kwani mama ndiye aliyebaki na mtoto mwenye njaa; lakini malezi ya baba zilisema machache juu yake. Baba akipimwa kwa mkono wa kutoa tu, siku mkono ukiwa mtupu atajiona si baba tena. Kosa hilo halikuanza na wanawake: ng'ombe walikuwa wamekwisha kulifundisha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifungua njia iliyo bora. Ilimpa mtoto ambaye wazazi wake wameachana haki ya kutunzwa, na pia ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili. Hapo ubaba umeacha kuwa deni la mwanamume au mali ya ukoo, ukawa haki ya mtoto. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema mkono huo mwingine uwe umeshika nini.