Manic Miner: gemu la dogo wa Uingereza lililobanwa kwenye KB 48

Siku hizi gemu moja linaweza kumeza GB 100 za diski, na bado likadai nyongeza. Mwaka 1983 huko Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Kijana ambaye hajatimiza hata miaka 18 alikaa na kompyuta yake na kuandika karibu kila kitu mwenyewe. Kampuni ya Bug-Byte ya Liverpool ikalitoa gemu hilo kwenye kaseti, zile zile za muziki, na likawa moto wa kuotea mbali.

Mashine yenyewe ilikuwa ZX Spectrum. Memori KB 48, spika ya kulia "bip", na kila kakisanduku cha nukta 8 kwa 8 kwenye skrini kiliruhusu rangi mbili tu. Ndani ya ufinyu huo dogo akaingiza mapango 20.

Tuanze na uzuri wake. Sheria unazielewa kwa dakika moja: Willy mchimba madini anakusanya funguo zote, anawahi mlango, hewa isimwishie. Lakini kila pango ni fumbo lake. Adui wanatembea njia ile ile kila mara, hivyo ukifa unajua umekosea wapi, husingizii bahati. Halafu kuna vituko: mapengwini, simu zinazokuvamia, na pango moja lenye vyoo linalomtania programa wa kampuni pinzani. Muziki nao unapiga huku unacheza, jambo lililokuwa geni kwenye Spectrum. Tyuni ni ya Edvard Grieg, aliyefariki 1907, kwa hiyo hapakuwa na msanii wa kulipwa.

Sasa udhaifu. Prosesa ile ile inaendesha gemu na kupiga spika, ndiyo maana muziki unakatikakatika na baada ya nusu saa unakera. Ukisharuka huwezi kubadili mwelekeo hewani. Ukigusa nukta moja ya adui, kwisha habari. Hakuna kuhifadhi ulipofika: maisha yako yote yakiishia pango la 19 unarudi la kwanza, labda ujue namba ya siri. Na ukimaliza yote 20? Unaanza upya.

Lakini angalia vizuri. Ugumu huo ndio uliofanya mapango 20 yadumu miezi. Uzuri na ubaya wa gemu hili vimetoka tumbo moja.

Mwaka 1984 ukaja mwendelezo, Jet Set Willy, jumba kubwa lenye vyumba zaidi ya 50. Hapo kufanya kazi peke yako kukaonesha bei yake. Ukiingia chumba cha darini, data inavurugika na vyumba vingine vinakuua papo hapo. Gemu likawa halimaliziki, wakati washindi wameahidiwa zawadi! Kampuni iliyolitoa kwanza ikasema ni makusudi, baadaye ikatoa marekebisho. Wachezaji wawili ndio waliochimba hitilafu hizo, wakazirekebisha na kubeba zawadi.

Dogo aliweza kubuni peke yake, ila kukagua kulihitaji macho ya wengine. Wanaotengeneza magemu chumbani leo, hilo la pili ndilo la kuandika ukutani.

Wadau, gemu gumu lisilo na huruma, au rahisi linalokubembeleza: lipi lilikukaa kichwani?