Bagamoyo, Mji wa Wapagazi

Leo nataka kuwaeleza safari niliyoifanya pamoja na wanafunzi wangu wa ualimu, kutoka Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, mpaka Bagamoyo. Mwendo wenyewe ni kama kilomita 70 tu kuelekea kaskazini, wala si mwendo wa kujisifia. Lakini mji mdogo wa kale huweza kumwonyesha mtu mambo ambayo mji mkubwa umekwisha kuyafunika.

Huko Italia, katika nchi ya Toscana, kuna mji juu ya kilima uitwao San Gimignano. Umezungukwa na mashamba ya mizabibu na mizeituni, na watu hutoka pande zote za dunia kwenda kuitazama minara yake 14 ya mawe. Mji ule ulipata utajiri kwa kuwa njia ya mahujaji waendao Roma kwa miguu ilipita hapo. Mwaka 1348 tauni iliua watu wake wengi. Baada ya miaka michache ukawa chini ya mji wa Florence, na biashara ikashika njia nyingine. Hapakuwa tena na fedha za kuvunja nyumba za zamani na kujenga mpya, ndiyo sababu minara ile ingaliko. Nawaeleza hayo kwa kuwa mji wa Bagamoyo nao ulilelewa na njia ya watu wa miguu, ukabaki mdogo njia ile ilipohama.

Tulianzia Kariakoo kwa makusudi. Wengi wanunuao nguo na vyombo pale hawajiulizi jina hilo limetoka wapi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam katika Septemba 1916, walikuwa na kundi kubwa la Waafrika wa kuchukua mizigo ya vita, chakula na risasi, nalo kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa pale, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina likawa Kariakoo. Katika vita ile wachukuzi karibu laki moja walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Si mbali na hapo, katikati ya mji, imesimama sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wachukuzi pia, lakini sanamu yenyewe ni ya mtu mwenye bunduki.

Basi tukapanda gari, tukafika Bagamoyo kabla ya jua kuwa kali. Mtu atokaye katika makelele ya soko husikia kwanza ukimya. Minazi imesimama pande zote, na mikoko imeota katika matope ya pwani. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotoka baharini na boriti zilizotoka katika mikoko hiyo hiyo. Milango ya nakshi ingaliko, mingine imetunzwa vema, mingine imeliwa na mchwa. Kusini ya mji, kama kilomita 5, kuna magofu ya Kaole, msikiti na makaburi yenye nguzo ya watu walioishi hapo miaka mamia kabla ya Bagamoyo kuwa na jina. Kwa Kaole peke yake ingefaa hotuba nyingine.

Katika karne ya kumi na tisa Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia kuu itokayo Ujiji na Tabora. Kutoka Tabora mpaka pwani ni kama kilomita 800, na msafara uliweza kuchukua miezi mitatu. Mbele alikwenda kirangozi, nyuma yake wapagazi, aghalabu Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi. Waliteremka na pembe za ndovu, wakapanda na merikani, shanga na nyaya za shaba. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, nao walijua kupatana bei; tajiri aliyewapunja posho aliweza kuamka asubuhi akaikuta mizigo yake chini na wapagazi wamekwenda zao.

Huambiwa wageni kwamba jina la mji lilitoka kwa watumwa, waliobwaga mioyo yao hapo kwa kukata tamaa. Watumwa walipita, wala tusilifiche jambo hilo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, waliwakomboa baadhi yao na kuwapa makao. Lakini mimi naona maana ya pili ina nguvu zaidi. Kubwaga moyo ni kuutua, kupumzika baada ya taabu. Ni neno la mpagazi aliyeiona bahari.

Katika misheni hiyo tulisimama mbele ya mnara wa kanisa la zamani. Katika Februari 1874 uliletwa hapo mwili wa Dr. Livingstone, aliyekufa kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake kule, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miezi mingi mpaka pwani. Mwili ukapelekwa Uingereza, ukazikwa London tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma hawakuwapo mazikoni. Walipelekwa Uingereza baadaye tu, kwa hisani ya rafiki wa marehemu.

Hapo mwanafunzi mmoja akaniuliza, “Mwalimu, hao tunawajua kwa sababu ya mzigo waliouchukua. Je, waliochukua pembe, majina yao yameandikwa wapi?” Nilimjibu kwamba machache yamo katika vitabu vya wasafiri, na mengine hayamo popote. Jibu hilo halikumridhisha, wala mimi halikuniridhisha.

Mwaka 1888 Wajerumani waliufanya Bagamoyo makao yao makuu, na mwaka huo huo vita vya Abushiri bin Salim vikalipuka. Abushiri alinyongwa Pangani katika Desemba 1889. Mwaka 1891 serikali yao ikahamia Dar es Salaam. Sababu yake mtu aweza kuiona kwa macho. Tulikwenda ufukoni wakati wa maji kupwa, na bahari ilikuwa imerudi nyuma sana, majahazi yamelala ubavu juu ya mchanga. Jahazi halidhuriki kwa hayo, lakini meli ya moshi ilipaswa kutia nanga mbali, ambapo Dar es Salaam ina bandari ya kina iliyokingwa na upepo. Kisha reli ikaanzwa huko mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi wa Tabora hakuwa tena na sababu ya kuja Bagamoyo.

Tulirudi Kariakoo jioni. Makuli walikuwa wakipita na marobota ya nguo kichwani, wakipiga kelele watu wapishe njia, na wanafunzi wangu wakapisha upesi kuliko asubuhi.

Yule mwanafunzi aliyeniuliza swali ni mtu wa Tabora. Usiku ule alimpigia simu babu yake, akamwuliza kama katika ukoo wao alikuwapo mpagazi. Mzee akamwambia kwamba babu wa babu yake alikwenda pwani mara tatu, na mara ya tatu alirudi na doti ya merikani aliyomtolea mkewe. Jina lake alilitaja bila kusita, na la baba yake pia. Kijana akauliza jina la tajiri mwenye mizigo. Mzee akafikiri kidogo, akasema hilo hakulisikia.