Jihadhari na makundi ya simu yanayopandisha bei za hisa kwa hila

UJUMBE aghalabu huingia mapema asubuhi, wakati wasafiri wa Kangemi na Kawangware wanapong'ang'ania matatu za kuelekea katikati ya jiji. Msimamizi wa kundi la WhatsApp au Telegram anawaarifu wanachama kwamba hisa za kampuni fulani "zitalipuka" wiki hiyo, kwamba jina litatajwa saa mbili kamili, na kwamba habari hizo zisitoke nje ya kundi. Kufikia jioni, bei huwa imepanda kweli. Hapo ndipo mtego ulipo.

Wakenya wana kumbukumbu chungu za ulaghai wa fedha. Jopokazi lililochunguza miradi ya piramidi liliripoti mwaka 2009 kwamba zaidi ya watu 148,000 walipoteza zaidi ya Sh8 bilioni. Tangu hapo, wengi wamejifunza kutomkabidhi mgeni pesa zao. Lakini katika hila hii, humkabidhi mtu yeyote chochote. Kampuni ni halali, imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) lenye makao yake Westlands. Dalali ana leseni, na hisa zinaingia katika akaunti yako mwenyewe ya CDS. Kilicho bandia ni kimoja tu: wingi wa wanunuzi.

Hila yenyewe

Ulaghai huu ni mkongwe kuliko simu za kisasa. Septemba 2000, tume inayosimamia soko la hisa nchini Marekani (SEC) ilimkabili kijana wa miaka 15 wa jimbo la New Jersey. Alikuwa akinunua hisa za bei ya chini, akizisifu kwa majina mengi ya kubuni katika kumbi za mijadala ya intaneti, kisha akiziuza bei ilipopanda. Alikubali kurejesha dola 285,000.

Hatua zake hazijabadilika. Kwanza, wapangaji huchagua kampuni ndogo ambayo hisa zake huuzwa kwa nadra, wakazinunua polepole kwa majuma kadhaa. Pili, huunda kundi lenye mamia ya wanachama. Wengi wa wanaoshangilia humo na kuonyesha picha za faida huwa ni watu wale wale wachache wenye laini nyingi za simu. Tatu, hutangaza jina la hisa. Nne, wanachama wanapokimbilia kununua, wapangaji huwauzia.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Wapangaji wananunua hisa 500,000 kwa Sh2 kila moja, jumla Sh1 milioni. Kanuni za NSE haziruhusu bei kupanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja. Hivyo katika siku tano, bei yaweza kutoka Sh2 hadi takriban Sh3.20. Wakiziuza zote kwa wastani wa Sh3, wanapata Sh1.5 milioni kabla ya ada. Mwanachama aliyetoa Sh64,000 siku ya tano anapata hisa 20,000. Bei ikirudi Sh2, atabaki na Sh40,000.

Kibaya zaidi ni kwamba huenda asipate hata hizo. Kikomo cha asilimia 10 huzuia bei kuporomoka kwa siku moja, lakini hakimletei muuzaji mnunuzi. Kila asubuhi anaweka oda ya kuuza, na kila jioni hisa zake zingali mkononi, huku bei ikiteremka ngazi moja baada ya nyingine.

Katika sarafu za kripto zisizojulikana sana, mchezo huo huo huweza kumalizika kwa dakika chache. Huko soko halifungwi usiku, na mara nyingi hakuna kikomo cha bei.

Kwa nini watu hunaswa

Wanaohadaika si wajinga. Wengi wanakumbuka mwaka 2006, hisa za KenGen zilipouzwa kwa umma kwa Sh11.90 na bei ikapanda zaidi ya maradufu punde tu zilipoingia sokoni. Wanajua kwamba mali yaweza kupatikana ghafla. Wamesahau kwamba hisa za Safaricom, zilizouzwa kwa Sh5 mwaka 2008, zilishuka chini ya bei hiyo katika miezi iliyofuata, bila ulaghai wowote.

Fauka ya hayo, anayekuingiza kundini aghalabu ni jamaa, mfanyakazi mwenzako au mwanachama wa chama chenu, ambaye naye amehadaika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mambo ya kuchunguza

• Leseni. Anayetoa ushauri wa uwekezaji kama biashara sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Orodha ya wenye leseni imo katika tovuti ya mamlaka hiyo. Tafuta jina kamili, kwani walaghai hupenda kuiga majina ya kampuni zinazojulikana.

• Sababu. Kampuni zilizoorodheshwa hutakiwa kutangaza habari muhimu kwa umma. Bei ikipanda siku tatu mfululizo bila tangazo lolote, jiulize ni nani anayeipandisha.

• Idadi. Mwulize dalali wako ni hisa ngapi za kampuni hiyo zimekuwa zikiuzwa kwa siku katika miezi mitatu iliyopita. Ikiwa ni chache kuliko unazotaka kununua, kutoka kutakuwa kugumu.

• Siri. Habari za ndani za kampuni ama ni uongo, ama ni kweli. Zikiwa uongo, umedanganywa. Zikiwa kweli, kuzitumia kununua hisa kabla ya umma kuarifiwa ni kosa la jinai.

• Pesa za nani. Usitumie karo, mkopo wa simu wala akiba ya chama. Usimpe mtu yeyote nambari ya siri ya akaunti yako.

Sheria na waathiriwa

Sheria ya Masoko ya Mitaji, Sura ya 485A, inaharamisha kuchezea bei na kutoa taarifa za uongo ili kuwashawishi watu kununua hisa. Kwa hivyo anayesambaza ujumbe akijua ni wa uongo pia anajiweka hatarini. Kuhusu kripto, sheria ya kusimamia watoaji huduma za mali za kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2025.

Ukigundua umenaswa, usiwavute wengine ili ujinasue. Hifadhi jumbe, nambari za simu na tarehe kabla ya kundi kufutwa. Pata taarifa ya akaunti yako ya CDS, umjulishe dalali, kisha uripoti kwa CMA, iliyoko Upper Hill, na kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Jihadhari na anayeahidi kukurejeshea hasara kwa malipo. Huo huwa ni mtego wa pili.

Usitarajie fidia pia. Hazina ya Fidia kwa Wawekezaji hulipa hadi Sh50,000 dalali aliyeidhinishwa anaposhindwa kutimiza wajibu wake. Hailipi hasara iliyotokana na kushuka kwa bei.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua, kuna swali moja la kujiuliza: ikiwa hisa hizi zitapanda kama wanavyosema, ni nani huyu anayeniuzia mimi leo?